Bunduki ya upepo ya mdogo wangu: aiongezee nguvu ao aiache?

Mdogo wangu anayeishi Texas, kule Marekani, amenunua bunduki. Si ile tunayoijua sisi hapa. Ni bunduki ya upepo, ya mtutu mpana, ya kuwindia wanyama wakubwa. Hata mwezi haukutimia akaanza kuniuliza kwa WhatsApp: "Yaya, niiongezee nguvu ao niiache vile ilivyo?"

Niliigusia habari hiyo kwa dakika chache katika kipindi chetu cha Jumamosi, na simu zikaanza kuingia. Kijana mmoja wa hapa Baraka alitaka kujua kama upepo unaweza kweli kuua mnyama. Baba mmoja akauliza bei. Halafu mama mmoja, deplase kutoka milimani, akasema: "Mtoto aliyekimbia bunduki, anaenda kununua bunduki ya nini?" Muda wa redio ulikuwa umekwisha. Nilimwahidi kwamba nitaandika, na nyinyi wengine mtasoma ao mtasomewa.

Familia yetu ni kama familia nyingi za teritwari ya Fizi. Vita vilitutoa, tukavuka ziwa Tanganyika, tukaishi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Wakati wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli, mama na mimi tulirudi. Mdogo wangu alibaki na shangazi, na baadaye wakapelekwa Marekani. Leo ana mke na watoto wawili, anafanya kazi ya usiku kiwandani, na kila mwezi anatuma dola 100 kwa mama. Hajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Ninasema hayo mapema ili msomaji asije akafikiri nitamsema vibaya.

Ni chombo gani hiki

Bunduki tunazozijua zinatumia baruti. Baruti inawaka, moshi wa moto unasukuma risasi. Hii haina baruti hata chembe. Ina tangi la chuma, na ndani ya tangi kuna hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu sana, kama baa 200. Ili mwelewe: gurudumu la pikipiki linabeba baa mbili ao zaidi kidogo. Kwa hiyo ndani ya tangi lile hewa imebanwa karibu mara mia moja kuliko ndani ya gurudumu la pikipiki yako. Kompresa ya fundi wa magurudumu pale sokoni haiwezi kabisa kazi hiyo. Inatakiwa kompresa ya pekee, ao chupa kama zile za wapiga mbizi, ao pampu ya mkono ambayo utaisukuma mara mamia mpaka shati lilowe.

Ukibonyeza kifyatulio, nyundo ndogo ndani yake inagonga valvu. Valvu inafunguka kwa muda mfupi sana, hewa inatoka na kusukuma risasi. Ya mdogo wangu ina mtutu wa milimita 11 na nusu hivi. Risasi yake ya timazi ina uzito wa gramu 22 na zaidi, na inatoka kwa mwendo wa mita 245 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu, inafika joule 680. Risasi ya Kalashnikov ni nyepesi, gramu 8 hivi, lakini inakimbia zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na nguvu yake inafika joule 2,000. Kwa hiyo bunduki hii ya upepo ina theluthi moja ya ile. Ninamjibu kijana aliyepiga simu: ndiyo, inaua mnyama, na inaua mtu pia. Neno "upepo" lisimdanganye mtu akaona ni kitu cha kuchezea watoto.

Wala si kitu cha jana. Jeshi la Austria lilitumia bunduki za upepo kuanzia mwaka 1780 hivi, zilizotengenezwa na fundi aitwaye Girandoni. Zilikuwa na tangi kwenye kitako, zikabeba risasi 20 kwa mfululizo, na kulijaza tangi lile kulitaka kusukuma pampu zaidi ya mara elfu moja. Msafara wa Lewis na Clark uliovuka Amerika kati ya mwaka 1804 na 1806 nao ulibeba bunduki ya upepo, wakaifyatua mbele ya wenyeji wa kule ili kuwashangaza.

Kwa sheria ya nchi nzima ya Marekani, bunduki ya upepo haihesabiwi pamoja na silaha za moto, kwa sababu haina kitu kinacholipuka. Lakini kila jimbo lina taratibu zake za kuwinda. Texas iliruhusu kuwinda kulungu kwa bunduki ya upepo mwaka 2018, na iliweka masharti: mtutu usiwe chini ya milimita 7.62, hewa iwe imejazwa tangini kutoka nje, risasi iwe na gramu 9.7 ao zaidi na iende mita 244 kwa sekunde, ao nguvu yote ifike joule 290 hivi. Mwindaji awe na leseni. Tena mtu yeyote aliyezaliwa tarehe 2/9/1971 ao baada yake lazima apite mafunzo ya usalama wa uwindaji. Mdogo wangu alipita mafunzo hayo, akanitumia cheti. Kuhusu nguruwe pori, ambao wanaharibu mashamba sana kule, tangu mwaka 2019 haihitajiki leseni ukiwa kwenye shamba la mtu binafsi na mwenyewe amekuruhusu. Mkubwa wake wa kazi ana ndugu mwenye shamba. Ndiko walikokubaliana aende.

Ukitazama hesabu hizo, utaona jambo moja. Sheria inataka joule 290. Bunduki yake, kama ilivyotoka katika sanduku, ina 680. Inazidi mara mbili. Mimi si mwindaji, lakini hapo tayari nilianza kujiuliza nguvu nyingine anaitafutia nini.

Picha iliyofika kwenye simu ya mama

Kabla ya swali la nguvu kulikuwa na jambo jingine, na hili linawahusu nyinyi wote wenye ndugu Ulaya na Marekani. Siku aliyoipokea bunduki, mdogo wangu alipiga picha ameishika kifuani, akaitia kwenye grupu la familia. Ndani ya grupu kuna mama, shangazi, binamu walio Uvira, wengine Bujumbura, wengine bado Nyarugusu. Kule aliko, ile ni picha ya furaha, kama mtu aliyenunua gari. Lakini simu inaihifadhi picha hata kama hukuiomba.

Sisi tunajua baryeri zilivyo. Unashuka kwenye pikipiki, unatoa karte, na siku nyingine wanasema: leta na simu. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikalishwa chini nusu siku kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye simu yake, na haikuwa hata picha yake. Sasa fikiria mama wa miaka 60 na zaidi, anaenda shambani, na ndani ya simu yake kuna picha ya mwanaume mwenye bunduki ndefu yenye darubini. Atawaeleza vipi kwamba ni ya upepo? Nani atangoja aeleze?

Usiku uleule nilimpigia mdogo wangu. Sikumgombeza. Nilimwambia: "Futa kwa wote, sasa hivi, na usitume tena." Alifuta. Asubuhi nilienda kwa mama nikatazama simu, nikaikuta bado kwenye sehemu ya picha, nje ya WhatsApp. Kumbe "futa kwa wote" haitoshi kila mara. Niliifuta pale, na nikaifuta tena kwenye kile kikapu cha taka cha simu. Halafu nikazima ile hali ya kuhifadhi picha zenyewe. Wasomaji, fanyeni hivyo leo kwa wazazi wenu. Inachukua dakika mbili.

Jambo la pili, kwa wale ambao ndugu zao wanakuja likizo: asije na chombo kama hicho, hata kikiwa kimevunjwa vipande ndani ya sanduku, hata darubini yake peke yake. Hapa hakuna atakayekuuliza kama inatumia baruti ao upepo.

Alichotaka kubadilisha

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mdogo wangu alikuwa na orodha ya vitu vinne, jumla dola 540.

Cha kwanza ni valvu kubwa zaidi, pamoja na nyundo nzito na springi ngumu. Kazi yake ni kuacha hewa nyingi itoke kwa pigo moja. Risasi inapata nguvu zaidi, lakini tangi linaisha haraka. Bunduki yake inatoa mapigo mawili ao matatu mazuri kabla ya kujazwa tena. Ukiweka valvu kubwa, labda unabaki na pigo moja zuri, na la pili tayari limelegea.

Cha pili ni regulata. Hiki kinashika mgandamizo wa hewa usipande wala kushuka kati ya pigo na pigo, ili risasi zote ziende sawa. Ni kitu kizuri kwa mtu anayetaka kulenga vizuri, lakini kinachukua nafasi ndani ya tangi na hakiongezi nguvu chenyewe.

Cha tatu ni mtutu mrefu zaidi. Hewa inapata muda mrefu wa kusukuma risasi, kwa hiyo mwendo unaongezeka bila kutumia hewa nyingi. Lakini bunduki inakuwa ndefu, na kuzungukazunguka nayo kwenye vichaka ni kazi.

Cha nne ni darubini ya bei kubwa zaidi.

Nilisoma, nikatazama video, nikatumia mega nyingi. Niliuliza pia rafiki yangu mmoja, fundi wa kompresa na friji hapa mjini, mtu ambaye hajawahi kushika bunduki lakini anajua hewa iliyobanwa. Aliniambia mambo matatu ambayo nilimpelekea mdogo wangu vilevile yalivyo. Kwanza, tangi limepimwa kwa mgandamizo fulani, na kiwango hicho kimeandikwa. Usikipite hata kidogo, kwa sababu chuma kikipasuka kwa baa 200 hakitoi onyo. Pili, usijaze kamwe oksijeni ya hospitali ao ya fundi wa kuunganisha chuma, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ikikutana na tone la mafuta inalipuka. Tatu, maji. Hewa ya kawaida ina unyevu, na ukiibana maji yanabaki ndani na kula chuma kidogokidogo.

Kuna jambo jingine nililolipata katika kusoma ambalo lilimshangaza hata yeye. Kuzidisha hewa tangini si lazima kuzidishe nguvu. Hewa ikiwa nyingi mno inaibana valvu kutoka ndani, nyundo inashindwa kuifungua vizuri, na risasi inatoka dhaifu kuliko kabla. Watu wanaendelea kuongeza, bunduki inaendelea kulegea, nao wanafikiri imeharibika. Ndipo wananunua springi ngumu zaidi ya kuipiga valvu hiyo. Kitu kimoja kinaita kingine.

Maswali ya papa mkubwa

Nina papa mkubwa aliyekuwa mwindaji. Aliwinda upande wa Itombwe miaka ya zamani, kwa nyavu na mbwa kama wazee wetu, na baadaye kwa gobori. Sasa ni deplase hapa Baraka, amepanga chumba kimoja na wajukuu wanne. Nilimpelekea habari nikiwa na sukari na sabuni, tukakaa chini ya mwembe.

Hakuuliza nguvu. Aliuliza: "Ameifyatua mara ngapi?" Nilimpigia mdogo wangu palepale. Mara 30 hivi, akasema. Papa mkubwa akauliza: "Mnyama anamkuta umbali gani?" Jibu: pale shambani wanaweka mahindi, nguruwe wanakuja kula, na yeye anakaa mita 50 hadi 60. Akauliza: "Ameshamkosa mnyama?" Jibu: hajampiga bado hata mmoja, alikwenda mara mbili na hakuona kitu. "Sasa nguvu anaitaka ya nini?" Mdogo wangu akakaa kimya kidogo, halafu akasema ukweli: risasi zake hazikai pamoja. Akilenga alama moja mara tano, matundu yanatawanyika upana wa sahani. Na vijana anaofahamiana nao kwenye uwanja wa mazoezi walimwambia bunduki yake ni ya kawaida mno, wao za kwao zina nguvu zaidi.

Hapo papa mkubwa akatueleza habari ya magobori. Kijijini kwao watu walikuwa wakitengenezewa gobori na mhunzi, kwa bomba la chuma. Kila fundi alijua kipimo cha baruti kwa bomba lake. Lakini kulikuwa na mmoja aliyekuwa hapati mnyama, na kila akikosa aliongeza baruti. Alikuwa anakosa kwa sababu mkono wake ulitetemeka wakati wa kufyatua, si kwa sababu baruti ilipungua. Na kadiri alivyoongeza, gobori lilimpiga begani, na mkono ukatetemeka zaidi. Mwisho bomba lilipasuka na vidole viwili vikaenda. Papa mkubwa hakumaliza kwa methali. Alisema tu: "Mwambie apige risasi mia kwanza."

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ya umbali. Risasi inayokwenda mita 245 kwa sekunde si ya haraka. Sauti yenyewe inakwenda mita 340. Ukiitengeneza darubini ipige sawa kwenye mita 50, basi kwenye mita 100 risasi hiyo imeshuka karibu sentimita 40. Mtu akikosea kupima umbali kwa mita 20, anampiga mnyama mguu badala ya moyo, mnyama anakimbia na kwenda kufa kwa mateso kichakani. Kuongeza nguvu kidogo hakuondoi tatizo hilo. Kusogea karibu kunaliondoa. Na yeye tayari yuko karibu, mita 50.

Dola 540

Najua wengi wenu mnangoja hapa. Dola 540 kwa chuma, na huku mama analipa kodi ya nyumba dola 20 kwa mwezi. Ni kodi ya miaka miwili na zaidi. Shangazi mmoja aliandika kwenye grupu: "Hizo pesa zingesomesha watoto." Mwingine akajibu kwa kumtukana. Grupu ilizimika siku mbili, hakuna hata salamu ya asubuhi.

Mimi niliamua kutoingia kwa njia hiyo, na nieleze sababu. Mdogo wangu anaamka saa kumi jioni, anakwenda kazini, anarudi alfajiri. Pesa ya mama imetoka. Pesa ya kodi yake imetoka. Kinachobaki ni jasho lake. Sisi tuliobaki huku mara nyingine tunamhesabia ndugu aliye ng'ambo kila shilingi, kama vile yeye hana haki ya kufurahi. Halafu tunashangaa akibadilisha namba ya simu. Nimeona familia tatu katika mtaa wetu zilizopoteza mtoto namna hiyo, na mtoto yuko hai.

Tena si mchezo mtupu. Nguruwe mmoja pori ni kilo 60, 80, wakati mwingine zaidi. Wakongomani wa mji wake wanagawana nyama, wanapika na sombe na bugali, watoto waliozaliwa kule wanasikia Kiswahili na Kibembe mezani. Yeye mwenyewe aliniambia kwa nini alichagua ya upepo na si ya baruti, na hilo ndilo jibu langu kwa yule mama wa milimani aliyepiga simu. Alisema: "Yaya, ile sauti ya bunduki ya kweli, mimi siiwezi. Nilikwenda uwanjani mara moja na mwenzangu wa kazi, alipofyatua nikajikuta nimelala chini." Alikuwa mtoto wa miaka minne tulipovuka ziwa. Tulifikiri hakumbuki kitu.

Bunduki ya upepo ya mtutu mpana nayo ina kelele, lakini si ile. Na ile valvu kubwa aliyotaka kununua ingeongeza kelele. Nilipomwambia hivyo, hakujibu siku hiyo.

Alichoamua

Aliamua kuiacha vile ilivyo mpaka msimu wa kuwinda upite. Alinunua risasi za aina tatu, nyepesi, za kati na nzito, na mfuko wa mchanga wa kuegemeza bunduki, jumla dola 85. Akaenda uwanjani Jumapili mbili baada ya ibada. Risasi nyepesi na nzito zilitawanyika kama kawaida. Zile za kati, tano kati ya tano, ziliingia kwenye duara ambalo ungelifunika kwa kikombe cha chai, mita 50. Bunduki hizi ndivyo zilivyo: kila mtutu una risasi unayoipenda, na huwezi kuijua bila kujaribu. Kwa hiyo shida aliyotaka kuitibu kwa dola 540 ilikuwa ni shida ya risasi.

Regulata anasema ataifikiria mwaka ujao, na mimi naona ni jambo la akili, kwa sababu atakuwa amejua bunduki yake na atajua anatibu nini. Valvu na springi ameziacha. Darubini iliyoko inamtosha kwa mita 60. Na kuna jambo jingine la kukumbuka: ukifungua bunduki mpya na kubadilisha viungo vyake, mara nyingi ile dhamana ya aliyeitengeneza inakufa. Ikiharibika mwezi wa pili, ni yako.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitoka kwa mama. Muda wote huo alikuwa anasikiliza tu. Jumapili moja alimpigia kwa video, mimi nimeshika simu. Hakuuliza nguvu, hakuuliza bei. Aliuliza: "Usiku inalala wapi?"

Mdogo wangu akasema iko juu ya kabati, chumbani.

"Na watoto wana miaka mingapi?"

Sita na mitatu.

Mama akasema: "Wewe ulikuwa na minne, na ulipanda juu ya kabati kutafuta sukari." Halafu akanirudishia simu na kwenda kuangalia chungu.

Wiki iliyofuata alinunua kabati la chuma lenye kufuli, likafungwa ukutani kwa misumari ya skurubu. Ufunguo yeye anatembea nao. Risasi ziko chumba kingine, ndani ya sanduku jingine lenye kufuli. Na akirudi kutoka shambani anahakikisha mtutu hauna risasi kabla ya kuingia katika gari, na tena kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Alinieleza hayo bila kuulizwa. Fedha iliyobaki kwenye zile 540, mimi sikuuliza ilikwenda wapi, na naomba shangazi zangu pia wasiulize.

Kwa wenye ndugu walionunua ao wanaotaka kununua chombo kama hiki, nimeandika maswali ya kuwapelekea, mnaweza kuyasoma kwa sauti kwenye simu:

Umeifyatua mara ngapi mpaka leo? Mnyama yuko umbali gani? Sheria ya jimbo lako inataka nguvu kiasi gani, na yako ina kiasi gani? Umejaribu risasi za aina ngapi? Tangi lako limeandikwa baa ngapi, na unajaza ngapi? Usiku inalala wapi, na ufunguo uko kwa nani?

Akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, bado si wakati wa kuongeza kitu.

Na kwa sisi tulio huku: tazameni simu za wazazi kabla ya safari ya kesho. Wale wa kambini ambao hawana simu za picha, waambieni majirani wenye nazo. Kipindi chetu kinarudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Tutazungumza na mafundi wa simu juu ya namna ya kufuta picha zisibaki mahali pengine, kwa simu za kila aina. Leteni maswali yenu, na yule mama wa milimani, kama umesomewa haya, piga tena. Nataka kusikia unasema nini.